Madam Aliyeanzia Ukutani

Ukimwambia Madam kwamba kompyuta yako imekufa, alikukatiza hapo hapo. "Imekufa, na umeizika wapi?" Kisha alikuketisha, akakutaka umweleze vizuri. Je, haiwaki kabisa, au inawaka na skrini inabaki nyeusi, au inawaka, inaandika maneno mawili matatu halafu inasimama? Kwake hayo yalikuwa magonjwa matatu tofauti, na aliyeyachanganya alimwona kama mgonjwa anayefika hospitalini na kusema tu kwamba mwili unauma.

Sote tulimwita Madam. Alifundisha taipu katika chuo cha ufundi mpaka taipureta zilipofungiwa stoo, na kompyuta zilipokuja akajifunza, akaendelea kufundisha. Jina lake ninalijua lakini halitawasaidia, maana hata harusini alipotambulishwa kwa jina watu waligeuka wakaulizana huyo ni nani. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizeni watu wa ukoo huo. Mimi nilimjua akiwa tayari na mvi kichwani na skrudraiva kwenye mkoba wake wa kanisani, karibu na miwani na peremende za kikohozi.

Alipostaafu, chuo kilikuwa kinatupa kompyuta kuukuu, zile za mezani zenye skrini nzito unazobeba kwa kukumbatia. Madam aliomba apewe. Aliziweka katika chumba cha mbele cha nyumba yake hapa Githongo, kilichowahi kuwa duka la mbolea, na siku za joto ukiingia bado ulisikia ile harufu. Zilikuwa tano. Humo akafundisha wasichana waliomaliza shule, wanawake walioolewa mapema, mama mboga mmoja aliyetaka kujua mwanawe alikuwa anafanya nini Nairobi na hayo makompyuta, na mimi, karani wa kiwanda cha kahawa, niliyekuwa nimeletewa kompyuta kazini na kuiogopa wiki nzima. Alituita sote mwari, kama msichana anavyoitwa kwa Kimeru, hata mama mboga ambaye alikuwa nyanya wa wajukuu wanane.

Jambo la kwanza watu walilolijua juu yake ni kwamba alianzia ukutani. Ukimpeleka kwenye mashine iliyogoma, hakuigusa. Aliipita kama hajaiona, akaenda moja kwa moja kwenye soketi, akazima, akawasha, akachomoa mkobani kitaa kidogo cha mezani na kukichomeka ili aone kama stima ipo. Kisha alifuata waya kwa vidole kutoka ukutani hadi kwenye mashine, polepole, huku akimuuliza mwenyeji habari za mvua na ng'ombe. Wengi walichukia. Walikuwa wamemwita fundi, na sasa fundi anapapasa ukuta na kuuliza kama ng'ombe amezaa.

Nakumbuka asubuhi moja kiwandani, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto. Ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni na wakulima walikuwa wamejaa nje wakiwa wamejifunika magunia. Kompyuta ya ofisi ikakataa kuwaka. Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, lakini akishikwa na haraka ilikuwa lazima apatikane mwenye makosa, na macho yake yalikuwa yameanza kuniangukia mimi. Nikatuma mtu amkimbilie Madam.

Alikuja, akapangusa viatu, akasalimia kila mtu, akaenda ukutani. Waya ulipita nyuma ya kabati la faili. Aliingiza mkono huko nyuma, akakaa ameinama kwa muda, kisha nikamwona akitia kitu mfukoni mwa sweta. Akainuka. "Hebu bonyeza sasa." Nikabonyeza, feni ikaanza kuvuma.

"Ilikuwa na nini?" meneja akauliza.

"Baridi."

"Baridi, Madam?"

"Mwezi wa saba hapa Githongo hata watu wanakataa kuamka. Sembuse mashine."

Meneja akacheka bila kupenda. Nilimsindikiza Madam mpaka getini. Mlinzi wa usiku alikuwa bado hajaenda nyumbani, amesimama pale kama mtu anayengoja hukumu. Madam akatoa mfukoni chaja ya simu. "Mzee, nafikiri hii ilikuanguka," akamwambia, akaendelea na safari. Ndipo nikaelewa. Mlinzi alichomoa kompyuta usiku ili achaji simu yake, akasahau kuirudisha.

Nilimkimbilia nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinitazama kama aliyesikia swali la kijinga. "Meneja alitaka mashine iwake ama alitaka mtu afutwe? Mimi niliitwa kwa mambo ya mashine."

Nilimpenda tangu siku hiyo. Ninalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuambiwa, na ukimwambia alikupa kazi ya kufanya.

Kulikuwa pia na jambo la dirisha. Kabla ya kufungua mfuniko wa mashine, Madam alishika vyuma vya dirisha kwa mkono mmoja na kutulia kidogo, macho yamefumbwa. Sababu yake ilikuwa ya kawaida. Huku kwetu kwenye baridi tunavaa sweta za nailoni, nyingine juu ya nyingine, na sweta hizo hujaza mwili stima ndogo ndogo ambayo ikiruka kutoka kidoleni inaweza kuunguza vitu vya ndani. Ukishika chuma kwanza, inaisha. Macho aliyafumba kwa sababu alikuwa anakumbuka skrubu ipi inatoka kwanza. Lakini alikuwa hajamweleza mtu.

Katibu wa kanisa letu alimwona akifanya hivyo ofisini kwao. Ni mwanamke mwenye imani kubwa na haraka kubwa zaidi. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi kabla ya kuwasha kompyuta ya kanisa, alishika vyuma vya dirisha, akainamisha kichwa na kuomba. Wanakwaya waliokuja kuchapisha nyimbo zao wakaiga. Mhubiri mgeni alipowatembelea akakuta kamati nzima imeng'ang'ania dirisha, vichwa chini, naye akatafuta chuma kilichobaki wazi, akakishika, akasema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Habari zilipomfikia Madam alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Kisha akamwita katibu akamweleza mambo ya sweta. Katibu alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Sawa, Madam. Lakini tangu tuanze hiyo maombi, hiyo kompyuta haijasumbua hata siku moja."

"Basi endeleeni," Madam akasema. "Mnashika chuma, hiyo ni nzuri. Na sijaona kompyuta imeungua kwa sababu ya maombi."

Alikuwa hivyo kwa makosa ya watu. Aliyachukua kama yalivyo, akatafuta mahali pa kuyaweka. Safari moja tulikwenda naye Kangeta kwa mfanyabiashara wa miraa aliyenunua kompyuta yake ya kwanza. Mtu huyo alikuwa anailalamikia kwa kila mtu sokoni. Inawaka vizuri, alisema, unafanya kazi kidogo, halafu inazima yenyewe, na ukijaribu tena inakataa mpaka ipumzike. Alikuwa ameshaamua kwamba aliuziwa mashine yenye mapepo.

Tulikaribishwa chai. Nje pikapu ziliingia na kutoka zikipakia miraa, na vumbi lilikuwa jingi hata kwenye vikombe. Madam alikunywa kikombe cha kwanza, akakubali cha pili, akasifu vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa uzi mweupe. Mke wa mwenye nyumba akafurahi, akasema ni yeye aliyevifuma. Kwetu kitu chochote cha thamani hufumiwa kitambaa: redio, televisheni, mtungi wa maji, kiti cha mgeni. Madam akauliza, "Na kompyuta nayo umeifumia?"

Alikuwa ameifumia, na si kitambaa tu. Ilikuwa sweta kamili, yenye vifungo upande wa nyuma na tundu moja dogo mbele la kubonyezea. Mama huyo alikuwa amechukua vipimo kama vya mtoto anayekwenda bweni. Alitaka kuikinga na vumbi. Mashine ilikuwa inapumulia ndani ya sufu, ikichemka, ikizimia.

Mume alipoelewa alitaka kufoka. Madam akamwahi. "Mzee, hakuna mtu anapenda hii mashine kuliko mama. Wewe hata kuipanguza haujawahi." Kisha akamgeukia mke. "Fuma ingine, lakini uwekee madirisha hapa na hapa. Na usiku ikizimwa, unaweza kuifunika yote." Tuliporudi mara nyingine tulikuta sweta mpya yenye madirisha mawili, kila moja likiwa na pindo la uzi mwekundu.

Kichekesho ni kwamba kompyuta za Madam mwenyewe zilikuwa zimefunikwa vitambaa viwili viwili. Alihubiri hewa kila siku, na kila jioni, hata kabla hazijapoa, akazivika kama bibi harusi. Hakuwa mtu wa kunyooka kama rula. Kompyuta iliyogoma aliweza kuivumilia kutwa nzima, lakini mtu aliyekula polepole alimtoa jasho, na kwake ukila unazungumza aliondoa sahani. Wingu moja jeusi likitokea upande wa mlima alikuwa ameshachomoa kila kitu ukutani, hata redio ya betri aliitazama kwa wasiwasi, lakini bati likivuja alipanda juu mwenyewe huku mvua inanyesha. Alituambia tusione haya kuomba msaada, naye ukimshikia kikapu alikupokonya. Na alisema uongo kwa moyo mweupe kabisa, mradi unamkinga mtu, halafu akatutwanga kwa maneno tukimdanganya kuhusu kazi ya nyumbani.

Kwenye taipu ndipo alipokuwa mkali. Alikuwa na kitambaa kirefu alichowafunikia wanafunzi mikono, ili wasione herufi wakichapa. "Macho yako ni ya kusoma, mwari. Kazi ya mikono iachie mikono." Nililia kwa ajili ya kitambaa hicho zaidi ya mara moja. Alipoanza kutufundisha kufungua mashine alitufunika vile vile. Tulijifunza kutoa na kurudisha vipande kwa kupapasa. Kuna kile chembamba kirefu cha kumbukumbu, ramu, kinachokaa kwenye mfereji na kulia tak, tak pande zote mbili kikiingia sawasawa. Kuna betri ndogo ya duara inayokumbusha mashine tarehe. Kuna waya mpana wa kwenda kwenye diski, na nyaya nyembamba kama nyuzi zinazotoka kwenye kitufe cha mbele. Ramu ikichafuka aliisugua kwa raba ya penseli, kwa upole, kama anayempangusa mtoto pua.

Wakati huo hatukujua kwamba mwenyewe alikuwa anafanya mazoezi. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika. Daktari alimwambia ni presha ya macho, kwamba yaliyopotea hayatarudi na yaliyobaki yatapungua. Aliificha habari hiyo muda mrefu. Tuliitambua siku alipomwaga uji nje ya kikombe, akaendelea kumimina.

Ana binti mmoja anayefanya kazi ofisini Embu, mwenye nyumba nzuri na watoto wawili. Binti alikuja Githongo mara tu aliposikia, akamwambia mama yake ahamie kwake. Sikuwa na cha kumlaumu. Kila mama angependa kuwa na mtoto wa namna hiyo. Lakini Madam alikataa katakata, wakabishana mpaka majirani tukaanza kupitapita pale nje bila sababu. Mwishowe Madam akatoa sharti, na alilitoa mbele yetu sote ili awepo wa kushuhudia.

"Hizi mashine tano, mimi ndio huziamsha. Siku moja itagoma nishindwe kuiamsha, utakuja na gari na sitabishana na wewe. Lakini kama zote zinaamka, niache kwangu."

"Mami, hizo ni kuukuu. Hata kesho moja inaweza kugoma."

"Basi ngoja kesho."

Binti akakubali. Aliona ni suala la majuma machache tu.

Na sisi tuliona hivyo hivyo, na hatukulala vizuri. Haikuwa kwamba tungekosa masomo tu. Chumba kile kilikuwa mahali petu. Wanawake waliingia mle wakiwa wameinama na kutoka wakibishana. Mama mboga alikuwa anamwandikia mwanawe barua ndefu na kumkosoa herufi zake. Madam naye, ukimwondoa kwenye mashine zake umkalishe kwenye kochi la mtu Embu, tuliogopa atazima.

Hatukufanya mkutano. Mama mboga ndiye aliyeanza. Hupita pale mapema akienda kutandaza mboga zake, na Madam alikuwa amempa ufunguo ili aweke magunia yake usiku. Asubuhi moja aliwasha mashine zote tano aone. Moja ikagoma. Akaja mbio kwangu, nami nikamwita katibu wa kanisa kwa sababu nyumba yake iko njiani. Tulikuta ni waya wa nyuma uliolegea tu. Tukaurudisha, tukazima kila kitu, tukazifunika vitambaa vyake. Madam alipoamka, akamaliza chai, akaja darasani, zote tano ziliamka mbele yake kama watoto wenye adabu.

Ikawa desturi. Kila asubuhi, kabla Madam hajamaliza kunywa chai upande wa pili wa nyumba, sisi watatu tulikuwa mle chumbani tukinong'ona. Mwanzoni tuliomba tu zisigome. Lakini zilikuwa kuukuu kweli, zikagoma, tena si kwa waya peke yake. Tulisugua ramu. Tulitoa feni tukaipuliza vumbi. Panya alitafuna waya wa diski, nikaenda mpaka mjini Meru kutafuta mwingine, nikamdanganya meneja kwamba ninaumwa na jino. Katibu alishika dirisha, akaomba, kisha akafungua skrubu bila kusitasita. Mama mboga akawa na masikio makali kuliko sote, akisikia mlio wa mashine inapoamka anakwambia kinachouma kabla hujafungua. Binti alipiga simu kila Jumapili kuuliza, na kila Jumapili Madam alimjibu kwa sauti ya kutosha kusikika barabarani kwamba zote zinaamka.

Zilipita mvua za masika, zikapita za vuli, zikaja tena. Macho ya Madam yakafika mahali pa kuona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Bado alifundisha. Alisimama nyuma yako akasikiliza vidole vyako, akakwambia umekosea herufi gani.

Kisha ikaja asubuhi ninayotaka kuieleza. Ilikuwa Jumamosi. Binti alikuwa njiani kutoka Embu, amesema anakuja kusalimia tu, na sote tulijua maana ya kusalimia tu. Tukaenda mapema kuliko kawaida. Mama mboga akabonyeza mashine ya kwanza. Kimya. Akabonyeza ya pili, ikalia mlio mrefu na skrini ikabaki nyeusi. Ya tatu ikaandika kwamba haioni diski. Ya nne iliamka ikasimama njiani, ikisema haijui leo ni tarehe gani. Ya tano, ile iliyo karibu na dirisha, haikufanya chochote.

Zote tano. Haikuwa imewahi kutokea. Katibu aliketi kwenye kiti na kusema, "Basi wamemchukua Madam."

"Nani amemchukua?" mama mboga akamjibu. "Amka huko. Wewe chukua hiyo inapiga kelele. Wewe wa kiwanda, ingia kwa hiyo ya diski."

Tukaingia kazini. Ya kwanza ilikuwa imezimwa kwa swichi ndogo ya nyuma, mahali ambapo mtu hafiki bila kukusudia, lakini hatukuwa na nafasi ya kujiuliza. Ramu ya ile ya pili ilikuwa imechomoka upande mmoja. Katibu akaisukuma, tak, tak, ikaamka. Waya wa diski nikaurudisha. Betri ya ya nne haikuwepo, tukaikuta imelala chini ndani ya sanduku, mama mboga akaiweka na kuisahihisha tarehe. Ya dirishani ilitushinda. Tulibadilisha ramu, tukachomoa kila kitu na kurudisha, bado ilikuwa kimya kabisa. Nje tulisikia gari likiingia uani, mlango ukifungwa, sauti ya binti ikisema, "Mami, mbona umekaa kwa baridi?"

Nilikuwa karibu kulia. Nikafumba macho, nikaingiza mikono na kufuata kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho kwa vidole. Kwenye kona ya chini nikapata zile nyaya nyembamba za kitufe zikining'inia, hazijashika chochote. Nikazirudisha mahali pake. Mama mboga akabonyeza, feni ikavuma. Tukatupia mifuniko, tukaacha zote zikiwaka kwa sababu hapakuwa na muda wa kuzima.

Madam akaingia ameshika mkono wa binti yake. Alisimama katikati ya chumba akisikiliza. Kisha akamwacha binti, akaenda kwenye mashine ya kwanza na kuweka kiganja juu yake, akaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya dirishani. Hapo akakaa kidogo.

"Hii iliwasumbua," akasema.

Katibu akaanza kukusanya skrubu zilizobaki mezani.

"Nilikuwa nimekaa hapo nje chini ya dirisha. Mlianza na ramu. Ramu haiwezi kufanya mashine ikae kimya hivyo. Lakini mliipata." Akamgeukia binti. "Niliwatolea kitu kimoja kwa kila mashine jana, hawa wakienda. Wananidanganya mwaka mzima sasa. Wanakuja hapa asubuhi wanatengeneza, halafu wananiacha nijisifu kwa simu."

"Madam," katibu akaanza, "sisi hatukutaka…"

"Mashine kuukuu haziwezi kukaa mwezi bila kuugua, mwari. Mlifikiri mimi ni mjinga?" Lakini alikuwa anatabasamu, tabasamu kubwa lisiloficha meno yaliyong'oka. "Nilikuwa nasikia mkinong'ona, nikasema, wacha waendelee. Ningekuja kuwakataza mapema, nani angewafundisha hiyo waya ya panya?"

Binti alikuwa amekuja na maneno yake yote tayari, ilionekana usoni. Sasa hakujua pa kuyaweka. "Mami, sasa inamaanisha nini? Zimeamka ama hazijaamka?"

"Zimeamka zote." Madam alipapasa ukingo wa meza, akapata kitambaa, akakikunja vizuri. "Begi yangu iko nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Niliifunga jana. Nenda uichukue."

Sikuamini nilichosikia. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba zimeamka, kwamba sharti lilikuwa aende siku atakaposhindwa, na hajashindwa. Sauti yangu ilikuwa imepanda na sikujali.

"Ndio maana naenda leo," akasema. "Ungetaka niende nimeshindwa?"

Mama mboga alijifuta uso kwa leso na kwenda kubeba begi, maana binti alikuwa bado amesimama. Tulimsindikiza mpaka kwenye gari. Safari hii aliacha nimshike kiwiko. Alitoa ufunguo wa chumba akaniwekea mkononi, akasema darasa la mchana lisichelewe na wale wasichana wawili wapya wafunikwe mikono tangu siku ya kwanza. Akauliza kama Embu kuna baridi kama hapa. Binti akamwambia kuna joto kidogo, akasema afadhali, magoti yake yatafurahi. Alikuwa na furaha, nilimwona, na nilimkasirikia kwa furaha hiyo mpaka ikaniingia na mimi.

Alipokwisha kuketi niliinama dirishani. Nilikuwa na swali moja tangu aliponipa ufunguo.

"Madam, na sisi tukishindwa na moja?"

Alifikiri, kama alivyofikiri kila mara alipoulizwa jambo la mashine.

"Basi mtashindwa na moja," akasema. "Si mko na zingine nne?"

Kisha akamwambia binti yake waende, akafunga kioo.